Kiporo cha Hali ya Mto

4 Machi
Tovuti ya gazeti ilizimika jana alasiri, mvua ya kwanza ilipoanza, na haikurudi hadi jioni. Amesema Mhariri kwenye kikao cha asubuhi, akiwa amesimama. Kwa kawaida hukaa.

Fundi wa mitambo alieleza sababu. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, anayezungumza zaidi kwa mikono kuliko kwa mdomo. Seva yetu ni moja, iko nchi nyingine, na kila msomaji anagonga mlango huohuo. Mvua ikianza, mtaa wa chini mzima hufungua ukurasa wa Hali ya Mto kwa wakati mmoja, na mlango unajaa. Dawa yake ni kukodi kampuni ya kusambaza nakala: kurasa zetu zinakaa kwenye kompyuta zao katika miji mingi, na msomaji anapewa nakala iliyo karibu naye.

"Ni kama chakula," alisema. "Badala ya kila mtu kuja jikoni kwetu na sahani yake, tunapika, tunapakua kwenye vibakuli, tunapeleka kila mtaa."

"Kwa hiyo watu watakula viporo," akasema mwandishi wa michezo.

Kikao kilicheka. Kuanzia hapo nakala inaitwa kiporo, hata na Mhariri.

Hali ya Mto ni ukurasa wangu. Nguzo ya daraja imepakwa rangi tatu. Mpima maji ananipigia simu, ananiambia maji yamefika rangi gani, nami naandika. Nyeupe, lala salama. Njano, inua vitu. Nyekundu, ondoka. Mdogo wangu anaishi mtaa wa chini na mama mkwe wake, ambaye hatembei tangu apate kiharusi. Kumtoa mama huyo kunataka wanaume wawili wenye nguvu na muda wa kuwatafuta. Akipewa taarifa mapema, anatoka. Akichelewa, hatoki. Mhariri ameniweka kwenye kamati ya kuchagua kampuni.

5 Machi
Mvua. Nyeupe.

8 Machi
Kampuni tatu ziliitwa, zimekuja mbili.

Wa kwanza alivaa tai ya buluu na kila sentensi yake ilikuwa na neno kasi. Alituambia kwamba mashine zake ziko katika miji mingi kuliko za mtu yeyote, na kwamba ukurasa wetu utafunguka kabla msomaji hajaondoa kidole kwenye simu. Fundi alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki.

Wa pili ni mama mmoja aliyepokea simu mara mbili katikati ya kikao bila kumwomba mtu radhi. Tumempachika jina, Mama Simu. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kampuni yake, kabla ya kumpa msomaji nakala, inauliza kwanza jikoni kama nakala hiyo bado ndiyo yenyewe. Swali ni dogo, lakini linakula muda.

"Kwa hiyo mtakuwa wa mwisho kwenye mbio," akasema fundi.

"Huenda."

"Sasa mama, unakuja kwenye mashindano kututangazia kwamba hukimbii?"

"Kukimbia nakimbia, mwanangu. Sitaki tu nifike na chakula kilicholala."

Fundi alicheka, na wengine wakacheka naye. Mama huyo hakucheka wala hakununa. Alipokea simu ya tatu.

Wa tatu alituma ujumbe kwamba yuko njiani. Mpaka naandika hivi, bado yuko njiani.

15 Machi
Majaribio. Watu watano wameshika simu, kila mmoja mahali pake: mpiga picha mlimani, mwakilishi wetu mkoani, wawili mjini, na mdogo wangu mtaa wa chini mwenye simu kuukuu iliyopasuka kioo. Kazi yao ilikuwa kufungua ukurasa na kusema umechukua muda gani.

Bila kampuni yoyote, mdogo wangu alihesabu sekunde kumi na mbili. Kwa Mama Simu, tatu. Kwa mwenye tai hakuhesabu kitu.

"Kaka, umefunguka kabla sijashusha pumzi!"

Chumba kizima kilipiga makofi. Fundi alizunguka meza akipeana mikono kama bwana harusi.

18 Machi
Kamati imemchagua mwenye tai. Kura zote, yangu ikiwamo. Mama Simu alipopigiwa na Mhariri alisema, "Haya. Namba yangu mnayo."

Namwandika fundi jinsi ninavyomwona leo: anajua kazi, anapenda kuonekana anajua kazi, na hapendi kuulizwa swali mara mbili.

22 Machi
Nyeupe. Tovuti ni nyepesi. Hakuna aliyelalamika, na hilo si la kawaida hapa.

26 Machi
Asubuhi, chini ya picha ya golikipa wa timu ya mkoani, iliandikwa "marehemu". Ni mzima. Neno lilitakiwa kwenda chini ya picha nyingine iliyo pembeni. Mwandishi wa michezo alirekebisha ndani ya dakika tano na kila mtu akaona kwenye kompyuta yake kwamba limetoka.

Baada ya chakula cha mchana mke wa golikipa alipiga simu. Niliipokea mimi.

"Nyinyi watu, mume wangu bado amekufa huku kwetu."

"Tumeshasahihisha, mama, tangu saa tatu."

"Huko kwenu labda amefufuka. Huku watu wanaleta viti. Yeye mwenyewe ndiye anawapokea."

Fundi alitazama, akasema kiporo kimegoma kutoka. Nakala ya mkoani ilikuwa bado ya asubuhi. Akaifuta kwa mkono. Kisha akabadilisha mpangilio ili kiporo cha habari kisikae zaidi ya dakika moja.

"Habari zote?" nilimuuliza.

"Zote zilizo kwenye fungu la habari, mzee."

Nimemwambia Mhariri: habari zote, dakika moja.

2 Aprili
Jua. Mpima maji amesema nguzo imekauka mpaka chini ya nyeupe na ameenda kumwona daktari wa meno.

9 Aprili
Mvua tangu jana alfajiri. Niliandika njano jana mchana.

Leo asubuhi mdogo wangu amenipigia kuuliza kwa nini nimechelewa.

"Nimechelewa nini?"

"Njano. Kwangu imetokea leo. Jirani yangu fundi viatu naye vilevile, alikuwa hapa anakutania. Anasema kaka yako siku hizi anaandika akiwa amelala."

Nilimwambia niliandika jana. Akasema labda simu yake imezeeka. Nikasema labda.

10 Aprili
Njano.

11 Aprili
Njano. Maji hayapandi wala hayashuki. Mpima maji anasema jino limetoka ila maumivu yamebaki.

14 Aprili
Nyeupe tangu jana. Shirika linalopima kasi ya tovuti limetutumia barua ya pongezi: tovuti yetu imeingia kati ya zile zinazofunguka upesi zaidi. Mhariri ameibandika ukutani. Fundi amepita mbele yake mara nyingi kuliko njia yake inavyohitaji.

17 Aprili
Mvua kubwa milimani. Njano tangu alasiri.

18 Aprili
Mto umefika nyekundu saa tano na dakika kumi asubuhi. Amesema mpima maji, akipiga kelele ili asikike juu ya maji. "Andika nyekundu. Mimi natoka hapa." Akakata.

Niliandika. Nikaufungua ukurasa kwenye kompyuta yangu, nyekundu. Mhariri akaufungua kwenye yake, nyekundu. Tovuti haikusita hata kidogo. Mwandishi wa michezo akasema, "Mwaka huu hatuzami," akimaanisha tovuti.

Nilimpigia mdogo wangu kujua kama amepata wanaume wa kumbeba mama. Mazungumzo nayaweka kama yalivyokuwa.

"Wambebe wampeleke wapi, kaka?"

"Umeona ukurasa?"

"Nimeishika simu hii hapa, nimeufungua sasa hivi. Njano. Magodoro nimeshayapandisha juu ya kabati. Naosha vyombo."

"Ni nyekundu."

"Njano, kaka. Nina macho."

"Nimeandika nyekundu kwa mkono wangu. Toka. Waambie na majirani."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Kisha nikamsikia akiita juu ya ukuta. "Jirani! Kaka anasema ni nyekundu!"

Sauti ya mwanamume, fundi viatu: "Kaka si ndiye anayeandika humu?"

"Ndiye!"

"Sasa humu kaandika njano. Tumwamini yupi, wa simu au wa gazeti?"

Akacheka. Nilimsikia vizuri.

"Nakuamini wewe," mdogo wangu akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaka, natafuta watu." Akakata.

Nilimwendea fundi wa mitambo. Sikumaliza sentensi. Alichukua simu yake ya mfukoni, akaitoa kwenye mtandao wa ofisi, akafungua tovuti kama mtu wa mtaani anavyofungua. Njano. Akaufungua tena. Njano. Akakaa chini.

"Sisi tulioingia kama waandishi tunapewa cha moto, moja kwa moja kutoka jikoni," alisema. "Wao wanapewa kiporo."

"Ulisema dakika moja."

"Habari ni dakika moja. Ukurasa wa mto hauko kwenye fungu la habari." Alikuwa ameshafungua mpangilio na kidole chake kilikuwa kwenye kioo. Hali ya Mto ilikuwa kwenye kurasa za kudumu, pamoja na Historia ya Gazeti na Wasiliana Nasi. Iliwekwa humo tangu ilipoanzishwa, kwa sababu anwani yake haibadiliki wala kichwa chake. Kinachobadilika ni neno moja. Nakala za kurasa za kudumu hukaa siku nzima.

Kufuta nakala za fungu hilo kulihitaji idhini ya ofisi ya mwenye tai. Fundi alipiga. Sauti iliyorekodiwa ilimshukuru kwa kuchagua kasi. Alipiga tena. Mhariri alipiga kwa simu yake. Mimi niliwapigia watu wa redio, wakatangaza kwenye taarifa ya saa sita. Mwandishi wa michezo na mpiga picha walichukua gari la ofisi na kipaza sauti wakaenda mtaa wa chini. Mwandishi wa michezo hakufunga hata mlango wa gari. Nilimwona dirishani anaondoka nao ukiwa wazi.

Mwenye tai alipatikana saa sita na nusu. Alisema, "Dakika mbili tu." Ukurasa uligeuka nyekundu kwa watu wote saa saba kasorobo. Maji yalikuwa yameingia mtaa wa chini kabla ya saa sita na robo.

Mdogo wangu alipiga jioni kwa simu ya mtu mwingine. Wako kwenye shule ya mlimani. Mama mkwe alibebwa kwenye kiti cha jikoni na waashi wawili waliokuwa wanajenga mtaa wa pili. Njiani aliwaambia, "Mkinidondosha nitawasema mpaka akhera." Hawakumdondosha. Maji yaliwafika kifuani.

Nilimuuliza kuhusu majirani.

"Mke wa fundi viatu yuko hapa. Yeye simwoni."

"Alitoka?"

"Nilipopita kwake tena nimemwita. Alikuwa mlangoni na simu. Akasema, jirani, bado njano, nimalize soli hii."

19 Aprili
Umepatikana mwili wa fundi viatu, chini ya daraja la pili. Amesema ofisa wa polisi aliyekuwa zamu. Wengine wote wa mtaa huo wamehesabiwa. Ni yeye peke yake.

20 Aprili
Mwenye tai alikuja bila tai. Alitoa pole, kisha akasema mfumo wao ulifanya kile ulichoagizwa. Nilitafuta kosa kwenye sentensi hiyo na sikulipata.

Alipoondoka, Mhariri alianza kutuandikisha taarifa ya masahihisho. Nimefanya kazi naye miaka mingi. Ameshalala rumande kwa ajili ya kichwa cha habari. Leo aliandikisha hivi: "Kutokana na hitilafu ya mtandao..."

"Hakukuwa na hitilafu," fundi akasema.

"Andika," Mhariri akaniambia.

"Dada Mhariri, hakukuwa na hitilafu. Mtandao ulifanya kazi sawasawa, upesi kuliko wa gazeti lolote. Sisi ndio tuliouambia kwamba ukurasa wa mto haubadiliki. Mimi ndiye niliyehamisha mafungu bila kusoma kilichomo. Ukiandika hitilafu, watu watadhani kuna kitu kiliharibika na sasa kimetengenezwa."

"Unajua mwanasheria atasema nini?"

"Najua."

"Na unajua nitatakiwa nifanye nini na wewe?"

"Barua yangu iko mezani kwako tangu asubuhi."

Mwezi uliopita niliandika kwamba anapenda kuonekana anajua kazi. Mikono yake leo ilikuwa mapajani muda wote.

Mhariri alitazama dirishani. Nilidhani anatafuta neno lingine la kufunikia. Akasema, "Futa. Andika upya." Haya ndiyo aliyosema, na yatatoka kesho ukurasa wa kwanza:

"Tarehe 18 Aprili mto ulifika nyekundu, na gazeti hili liliandika hivyo saa tano na dakika kumi. Wasomaji wa tovuti waliendelea kuonyeshwa njano hadi saa saba kasorobo. Mtandao haukuharibika. Gazeti hili lilikuwa limeupanga ukurasa huo kama ukurasa usiobadilika, na lilichagua kampuni ya kuusambaza kwa kupima kasi peke yake. Mtu mmoja amekufa."

Barua ya fundi aliichana. Alimwambia, "Utaondoka ukishatengeneza. Kabla ya hapo usinisumbue."

21 Aprili
Imetoka kama ilivyoandikwa. Mwanasheria amepiga simu mara nne. Mhariri hajapokea.

23 Aprili
Nimeenda shule ya mlimani. Familia ishirini na moja zinalala madarasani. Mama mkwe wa mdogo wangu amepewa dawati la mwalimu na anaongoza darasa zima kwa sauti. Alinitazama juu mpaka chini. "Mwandishi, njoo hapa. Hujala." Nilikula nikiwa nimesimama.

Mke wa fundi viatu alikuwa nje, anaanika nguo kwenye uzio. Mdogo wangu alinitambulisha. Nilimpa pole.

"Wewe ndiye wa njano," alisema.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Alisema wa simu anaweza kukosea, ni mtu mmoja. Wa gazeti hawezi, anasomwa na wengi." Alibana nguo nyingine. "Nilimwambia twende tu. Akasema nimalize soli, mwenye kiatu anakuja saa nane."

Nilimshikia nguo iliyofuata.

"Sasa mvua haijaisha," akaendelea. "Nikifungua ukurasa wenu kesho, nitajuaje kama ni wa kesho?"

"Hutajua."

"Basi mmetengeneza nini?"

Nilimwambia tulichofanya: ukurasa umehamishwa kwenye fungu la habari, na juu yake, kwa herufi kubwa, sasa kuna saa niliyoandika. Alisikiliza.

"Mmejaribu?"

"Ofisini, ndiyo."

"Ofisini," alisema. Mdogo wangu alitazama pembeni.

24 Aprili
Nimempelekea Mhariri maneno ya mke wa fundi viatu, bila kuongeza. Ameita kamati. Mama Simu amepigiwa. Hakutukumbusha alichosema Machi. Aliuliza tu kama mtaa wa chini bado una umeme.

25 Aprili
Mvua. Njano. Fundi wa mitambo ameshinda siku nzima kwenye simu yake ya mfukoni, nje ya mtandao wa ofisi. Mwandishi wa michezo alimletea chai na kuiweka mezani bila mzaha. Ni mara ya kwanza namwona akishindwa kutania.

26 Aprili
Mvua nyingine kubwa itafika milimani wiki ya kwanza ya Mei. Amesema mtabiri wa hali ya hewa leo asubuhi.

Kampuni mbili zitapimwa upya, ya yule bwana wa tai na ya Mama Simu. Safari hii muda hautahesabiwa kuanzia msomaji anapobonyeza. Utahesabiwa kuanzia mimi ninapoandika neno hadi mtu wa mtaa wa chini anapoliona. Tutatumia ukurasa wa majaribio ili tusimtishe mtu. Fundi wa mitambo atakuwa kule chini na watakaoshika simu, si ofisini. Ameomba mwenyewe.

Nilirudi shuleni jioni kutafuta watu wa kushika simu. Mdogo wangu amekubali. Waashi wawili wamekubali. Mke wa fundi viatu alifikiri kwanza.

"Utaandika rangi gani?"

"Sitakwambia. Ndiyo maana ya majaribio."

"Na nikiona tofauti na uliyoandika?"

"Unasema. Kampuni hiyo inatoka."

"Hata kama ni ile ya upesi?"

"Hata hiyo. Zikikosea zote mbili, tunarudi kwenye seva yetu na gari la kipaza sauti, na tunaandika hivyo gazetini."

Alikubali. Alitaka asimame mlangoni kwake, palepale, na mdogo wangu alisema atasimama naye.

Jumatatu tarehe 29, saa mbili asubuhi. Mimi nitaandika, yeye atasema anachoona. Mhariri ameagiza mkataba mpya usisainiwe kabla mke wa fundi viatu hajasema.